Jibu: Mradi umefungwa, naweza kuwa mshauri wa mashirika?

Dada, umeuliza kama uhasibu wa miradi ulioufanya Gulu, Uganda, unatosha kuanzia ushauri, baada ya fedha za USAID (shirika la misaada la Marekani) kukatwa 2025. Unatosha, ila usijitangaze kuwa mshauri wa kila kitu. Shika kazi moja: kuweka sawa hesabu za shirika kabla ya wakaguzi kufika. Mashirika madogo ya wilayani yanaihitaji kuliko mpango mkakati wa kurasa mia (ambao, tuambizane ukweli, hausomwi).

Sajili jina la biashara URSB (ofisi ya usajili ya Uganda), uwe na TIN (namba ya mlipakodi) ya URA, mamlaka ya mapato. Baadhi ya wateja watakukata kodi ya zuio ya 6%, yaani kodi inayokatwa kwenye malipo yako kabla hujayapokea. Dai cheti cha makato hayo. Ukiombwa kuandika maombi ya ruzuku ulipwe asilimia ya ruzuku hiyo ikipatikana, kataa. Taja bei yako, sehemu ilipwe mwanzoni.