Foili chini ya bati: inapoza nyumba kweli?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Kivule, nyumba yetu ni ya bati msauzi, dari la jipsamu. Kuanzia Desemba mpaka Machi mchana sebuleni hakukaliki, na usiku mtoto halali, anatoka vipele vya joto mwili mzima. Fundi mmoja kasema nitandike foili, ile karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto, juu ya jipsamu, mwingine anasema igundishwe kwenye bati, wa hadiwea naye anasema chukua yoyote, zote sawa. Nisaidie kabla sijatoa hela. – Mama wa wawili, Kivule

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, hasa kwa huyo mtoto. Umefanya la maana kuuliza kwanza, maana foili ni kitu kizuri ila ikiwekwa ovyo ni hela imelala tu huko juu.

Fanya hivi kwanza. Saa nane jua likiwa kali panda kwenye stuli, sogeza kiganja karibu na jipsamu bila kuigusa, utasikia joto linakupiga. Hewa ya moto kazi yake ni kupanda, haishuki, kwa hiyo joto hilo halijaletwa na hewa, ni mionzi: bati limepata moto likaipiga jipsamu, jipsamu nayo inakupiga wewe, ni vile ukikaa pembeni ya jiko la mkaa miguu inaungua wakati moshi na hewa yote vinaenda juu. Sasa pitisha kipande cha foili kati ya kiganja na dari, joto linakatika hapo hapo. Foili safi ya aluminiamu inarudisha zaidi ya asilimia 90 ya mionzi, na hata yenyewe ikipata moto inatoa mionzi kidogo sana.

Ila kuna sharti moja na hilo halina mjadala: uso unaong'aa lazima utazame hewa. Uwazi wa inchi moja unatosha. Ukiibana foili kati ya vitu viwili vinavyogusana nayo, hapo haizuii kitu, aluminiamu inapitisha joto vizuri sana.

Kwa hiyo mafundi wako wote wawili hawajakudanganya, ila wote wamekupa njia isiyodumu. Ya kutandika juu ya jipsamu itafanya kazi mwanzoni kabisa, halafu vumbi la barabara zetu za Kivule unalijua mwenyewe, na kama kuna popo ndio kabisa, foili ikishafunikwa na uchafu haing'ai tena na faida inapungua. Ya kugundisha kwenye bati inafanya kazi kama uso unaong'aa unatazama chini, lakini gundi gani itashika bati la saa nane miaka na miaka? Mimi siipendi.

Ninayoipenda ni hii: foili inapigwa pini chini ya zile mbao za kenchi zinazolala na mteremko wa paa, uso unaong'aa uangalie chini, vumbi haliwezi kukaa huko. Usizibe mpaka mwisho, acha kama shubiri moja juu karibu na kofia ya paa, pale kileleni, na nyingine chini kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, ili hewa ya moto ipite. Tundu za hewa zilizopo usizizibe, ziwekee wavu tu popo wasiingie. Fundi apande alfajiri, mchana darini mtu anaweza kuzimia.

Na umeme, tafadhali sana, hili nasema kwa herufi kubwa: ZIMENI MENI SWICHI. Foili inapitisha umeme na pini moja ikitoboa waya dari zima linakuwa na shoti. Australia mwaka 2009 serikali ililipia watu kuwekewa vizuia joto darini, mafundi wakafa, wengine kwa shoti ya foili na pini za chuma, mpaka Februari 2010 foili ikasimamishwa kwenye ule mpango. Kama nyaya zako huko juu zimelala ovyo bila paipu, rekebisha nyaya kwanza, foili baadaye.

Sasa usitegemee miujiza. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kwenye sehemu za joto na jua foili inaweza kupunguza gharama ya kupoza nyumba kwa asilimia 5 mpaka 10, na faida inakuwa kubwa zaidi kwenye dari lisilo na kizuizi kingine kama lako. Mchana utaona tofauti. Usiku ni habari nyingine, bati linapoa haraka jua likizama, kinachowanyima usingizi ni tofali za saruji zilizokula jua kutwa, hasa ukuta wa magharibi. Huo utafutie kivuli, baraza au hata mti, na jioni fungueni madirisha ya pande mbili upepo upite.

Kwenye hadiwea angalia iliyoshonewa nailoni ndani isichanike. Zile zenye sponji, unene wa sponji usikubabaishe, kinachorudisha mionzi ni ule uso. Na hela ikiwa ndogo anza juu ya chumba cha mtoto.

SWALI: Bati langu ni maruni. Nikilipaka nyeupe si ndio nimemaliza? – Msomaji, Tabata

JIBU: Umepunguza sana ndugu yangu, kwa sababu nyeupe inarudisha jua kabla halijawa joto, na Dar jua linakaa utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Tumia rangi ya bati ya nje, safisha kutu kwanza, na ukubali kuliosha, likishika ukungu wa masika na vumbi linarudi kunyonya joto. Anayeweza afanye yote mawili, asiyeweza na paa lake halijachoka, rangi ianze.