Maswali na majibu: Kabla hujabadilisha kigunduzi chako cha metali

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wenye hamu moja. Wana mashine yao ya kwanza ya kutafutia vitu vya kale na hazina, wameizoea, na sasa wanataka ya pili. Wengi wanataka kujua watanunua ipi. Mimi ningependa kwanza wajue wananunua nini.

Nina mashine ya kuanzia. Sarafu naipata kwenye sentimita 15 hivi, chini ya hapo kimya. Nikinunua ya bei mara tatu nitafika kina gani?

Hutafika mara tatu, wala mara mbili. Naomba tulielewe hili vizuri, kwa sababu ndilo linalowamaliza watu fedha.

Koili, ile sahani yenye waya uliozungushwa iliyo mwishoni mwa mti wa mashine, hutuma uga wa sumaku ardhini. Uga huo ukikutana na metali huzua mkondo mdogo wa umeme ndani yake, na mkondo huo nao hutoa uga wake hafifu unaorudi juu hadi kwenye koili. Nguvu inapungua wakati wa kwenda na inapungua tena wakati wa kurudi. Kitu kikiwa mbali kuliko upana wa koili, kila safari hupunguza nguvu kwa karibu kipeo cha tatu cha umbali, na safari zote mbili kwa pamoja hufanya kipeo cha sita. Kwa hiyo sarafu ileile ikiwa chini mara mbili zaidi, ishara inayokufikia huwa takriban sehemu moja ya 64 ya ile ya mwanzo. Kuongeza nguvu ya kutuma hakusaidii sana, maana kelele za udongo nazo zinapanda.

Ndiyo sababu kwenye udongo mpole, kwa sarafu moja, mashine nzuri ya kuanzia na mashine ghali hutofautiana kwa sentimita chache. Fedha yako inaenda kwingine: kwenye uwanja uliojaa misumari, kwenye udongo wenye madini mengi ya chuma, na kwenye mchanga wenye maji ya chumvi. Penye misumari, jambo kubwa ni kasi ya mashine kurudi kwenye utulivu baada ya kulia. Inayochelewa kutulia bado inaushughulikia msumari wakati koili imeshaipita sarafu iliyo kando yake. Inayotulia upesi hukupa sauti mbili, ya msumari na ya sarafu. Hapo ndipo watu hurudi kwenye uwanja "uliokwisha" na kuanza kupata vitu tena.

Basi jiulize unatafuta wapi. Kama ni mashamba ya wazi yasiyo na takataka, kaa na mashine yako, shusha koili karibu na ardhi, fagia polepole, na kila mfagio upande juu ya nusu ya uliotangulia. Hazina ya Staffordshire kule Uingereza, iliyogunduliwa na Terry Herbert mwaka 2009, ilikuwa karibu na uso wa shamba lililolimwa. Haikuhitaji mashine ya kina cha ajabu, ilihitaji mtu apite pale.

Masafa mengi au masafa ya aina moja? Kila tangazo linasema lake.

Masafa hapa ni mara ngapi uga wa koili hugeuka kwa sekunde; kilohezi moja ni mara elfu moja. Tenganisha kwanza vitu viwili ambavyo matangazo huvichanganya. Kuna mashine inayokuruhusu kuchagua, leo kilohezi 5, kesho 15, lakini kwa wakati mmoja inatumia yale uliyochagua tu. Na kuna inayotumia masafa kadhaa kwa pamoja na kulinganisha majibu yake. Boksi la kwanza na la pili yote yanaweza kuandikwa "masafa mengi", kwa hiyo tafuta neno "kwa pamoja" kwenye maelezo ya kiwanda kabla hujatoa fedha.

Masafa ya chini huitikiwa vizuri na vitu vikubwa vinavyopitisha umeme kwa wepesi, kama sarafu nene za fedha. Masafa ya juu huamsha vidogo na vyembamba: kipini, mkufu, punje ya dhahabu. Mashine ya Garrett ACE 250, ambayo wengi walijifunzia, hutumia kilohezi 6.5, na Fisher Gold Bug 2, iliyotengenezwa kwa ajili ya punje ndogo za dhahabu, hutumia 71. Ni kazi mbili tofauti kabisa.

Mashine ya masafa ya pamoja ina faida ya hakimu aliyewasikia mashahidi kadhaa badala ya mmoja. Udongo wa chuma hujibu masafa ya chini na ya juu kwa namna yake, chumvi kwa namna yake, na sarafu kwa namna nyingine. Mashine ikiyalinganisha majibu inaweza kutoa udongo na chumvi kwenye hesabu na kubaki na sarafu. Kampuni ya Minelab ilikuwa na mashine za aina hii tangu miaka ya 1990, lakini zilikuwa nzito na ghali. Equinox yao ilipoingia sokoni mwaka 2018 ikawa nyepesi na ikafikiwa na watu wa kawaida, kisha zikafuata Deus II ya XP na Legend ya Nokta.

Ushauri wangu kwa anayebadilisha mara moja na hataki kubadilisha tena karibuni: chukua ya masafa ya pamoja. Sioni sababu ya kuhama kutoka mashine ya masafa ya aina moja kwenda nyingine ya namna hiyohiyo, hata iwe na skrini nzuri kiasi gani.

Badala ya mashine mpya, si ninunue tu koili kubwa?

Inategemea unachotafuta, na mara nyingi mimi ningesema nunua ndogo. Koili kubwa huona chini zaidi kwa vitu vya ukubwa wa sarafu kwenda juu, na hufagia eneo pana kwa haraka, kwa hiyo shambani inafaa. Lakini inakusanya udongo mwingi zaidi na takataka nyingi zaidi kwa wakati mmoja, inachosha mkono, na vitu vidogo sana inavipoteza. Koili yenye upana wa sentimita 15 kwenye uwanja wenye misumari itakuonyesha vitu ambavyo ile ya sentimita 28 ilivipita mara nyingi. Ni njia ya bei ndogo ya kupata sehemu ya faida ya mashine mpya. Hakikisha tu koili imetengenezwa kwa ajili ya mashine yako, kwani plagi kuingia si ushahidi kwamba zinaelewana.

Nimechoka kuchimba vifunguzi vya makopo ya soda, vile vya kuvuta kwa kidole, na karatasi za alumini. Mashine ipi itaviruka iniachie pete za dhahabu?

Haipo. Namba inayotokea kwenye skrini haitaji jina la metali. Inatokana na jinsi kitu kinavyopitisha umeme, ukubwa wake, unene wake na umbo lake, yote yakiwa yamechanganyika. Pete nyembamba ya dhahabu inaangukia namba za karatasi ya alumini, na pete nene kidogo inaangukia namba za kifunguzi cha kopo. Ukiiamuru mashine inyamazie vifunguzi, umeiamuru inyamazie na pete.

Unachoweza kukataa bila majuto makubwa ni chuma, na mashine mpya zinakataa chuma vizuri zaidi kuliko za zamani. Hata hivyo, chuma bapa kilicholiwa na kutu na vizibo vya chupa bado vinazidanganya. Zungushia koili mahali pale kwa pembe nyingine, kutoka kaskazini kwenda kusini baada ya kutoka mashariki kwenda magharibi. Namba ikitulia, chimba. Ikirukaruka au sauti ikikatika upande mmoja, mara nyingi ni chuma. Sikio lililozoea mashine moja kwa msimu mzima lina thamani kuliko uchujaji wowote, nami huwahimiza watu wanunue hedifoni nzuri kabla ya chochote kingine. Ishara za chini kabisa ni mnong'ono ambao spika ya mashine haiutoi kwenye upepo.

Ongeza na kigunduzi kidogo cha mkononi cha kuchomeka ndani ya shimo. Hakikufanyi upate vitu vingi kwa uchawi, lakini dakika ulizokuwa ukichambua udongo kwa vidole zinarudi kwako, na jembe linaacha kuikwaruza sarafu uliyoitafuta siku nzima.

Natafuta ufukweni, mpaka kwenye maji. Rafiki yangu ananiambia ninunue mashine ya mapigo.

Rafiki yako hajakosea, ila akueleze na gharama yake. Mashine ya mapigo hutuma pigo fupi la umeme, hulikata ghafla, kisha husikiliza mwangwi unavyofifia. Mwangwi wa chumvi na wa madini ya udongo hufifia upesi, wa metali hukawia, kwa hiyo mchanga mweusi wenye chuma hauisumbui kama unavyozisumbua mashine nyingine. Ndiyo maana watafuta dhahabu kwenye udongo mkali huitegemea. Lakini haitofautishi metali vizuri. Utachimba kila ndoano na kila pini ya nywele. Kwa mtu wa kujifurahisha, ya masafa ya pamoja inatosha ufukweni, isipokuwa mchanga wako uwe mweusi sana. Uliza pia kama ni mashine nzima isiyoingiza maji au ni koili peke yake. Hedifoni zisizo na waya nyingi hazifanyi kazi chini ya maji, hata mashine ikiwa inaogelea.

Nimeona kifaa kinachoelekeza dhahabu iliko kutoka mamia ya mita. Ni ghali sana lakini kitaniokolea muda.

Tafadhali usikinunue. Nimesema hapo juu jinsi ishara inavyokufa ndani ya sentimita chache. Hakuna fimbo wala antena inayozunguka mkononi inayoweza kuihisi pete kutoka upande wa pili wa kijiji. Mkono wako ndio unaoisogeza, bila wewe kukusudia.

Biashara hii imewahi kuua. Mwingereza James McCormick aliuza nchini Iraq na kwingineko kifaa cha antena kilichoitwa ADE 651, eti kinagundua mabomu. Kilitokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu, na ndani hakikuwa na kitu kinachofanya kazi. Kilitumika kwenye vizuizi vya barabarani ambako watu walikitegemea kwa maisha yao. Mwaka 2013 alifungwa miaka 10. Vifaa vya kutafutia dhahabu "kutoka mbali" vina umbo lilelile na ahadi ileile. Muuzaji akikataa kujaribiwa kwa sarafu iliyofichwa chini ya kimoja kati ya vikombe kumi visivyo vya metali, bila yeye mwenyewe kujua ni kipi, umeshapata jibu.

Mashine nzuri ikiniletea chungu cha sarafu, nichimbe chote siku hiyohiyo?

Acha kuchimba. Mwaka 1992 huko Hoxne, Uingereza, Eric Lawes alikuwa akitafuta nyundo iliyopotea shambani akakutana na dhahabu na fedha za zama za Warumi. Alitoa kiasi, kisha akasimama na kuwaita wenye mamlaka. Wataalamu wa mambo ya kale waliofukua kilichobaki waliona jinsi vitu vilivyopangwa ndani ya sanduku la mbao lililokwisha kuoza, habari ambayo jembe lingeifuta kwa dakika tano. Zilikuwa karibu sarafu 15,000, na nyundo nayo ilipatikana.

Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, na katika nchi nyingi kutafuta bila kibali ni kosa hata kama hukupata kitu. Ruhusa ya mwenye ardhi ni jambo moja na kibali cha serikali ni jingine. Malizana na vyote viwili kabla ya kufikiria mashine.

Bega linaniuma baada ya saa mbili. Je, hiyo ni sababu ya kubadilisha?

Ni sababu nzuri kuliko nyingi nilizosoma. Angalia uzito, lakini angalia zaidi ulipo: mashine yenye koili nzito mbele huvuta mkono hata ikiwa nyepesi kwenye mizani. Kwanza rekebisha urefu wa mti wake ili ufagie ukiwa umesimama wima, na kiwiko kikae kwenye kikombe chake.

Nimepata mashine iliyokwisha kutumika na mtu mwingine, ya bei nzuri. Nikague nini?

Nenda na sarafu, msumari na kipande cha alumini. Iwashe mbali na nyaya za umeme na simu, pitisha kila kimoja mbele ya koili, uone kama namba inatulia. Kisha tikisa waya wa koili pale unapoingia kwenye plagi. Ikilia bila sababu, waya umekatika ndani. Fungua sehemu ya betri utafute kutu ya kijani. Kwa zile zenye betri ya ndani, uliza imeshatumika muda gani na kama inabadilishika, hasa Deus II ambayo koili yake ina betri yake yenyewe. Kuwa mwangalifu na bandia za mashine maarufu. Linganisha namba ya usajili na kiwanda. Kumbuka pia kwamba kampuni ya White's, iliyotengeneza mashine nzuri kwa miaka mingi, ilifunga milango mwaka 2020. Ukiipata ya kwao inayofanya kazi itakufaa, lakini jiandae kuhangaika na vipuri siku itakapoharibika.