Ana aneurisimu, amepata kiharusi: dawa ya kuyeyusha bonge la damu apewe?

Juzi msomaji mmoja aliniuliza: baba yake amegundulika ana aneurisimu, yaani ukuta wa mshipa wa ubongo umelegea ukatuna. Je, siku akipata kiharusi cha damu kuganda, dawa ya kuyeyusha bonge ndiyo haimhusu tena? Swali hilo nalijua vizuri. Lilinikuta chumba cha dharura, mama yangu amelala mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki.

Aneurisimu yake ilikuwa inajulikana, milimita 4, na ripoti nilikuwa nayo kwenye simu. Nilimpa daktari kabla hajauliza. Kaka yangu akasema mbele ya watu kwamba kwa kuitoa ripoti hiyo nataka kumuua mama. Neno lile linaniuma mpaka leo, siwafichi. Daktari akasoma, akaitazama CT skani kuhakikisha hakuna damu iliyovujia ubongoni, akasema, "Hii ni ndogo na haijapasuka. Tukichelewa, ubongo unakufa." Mama akapewa alteplezi, ndiyo hiyo dawa ya kuyeyusha bonge: sehemu ya kumi ya dozi kwa mkupuo, iliyobaki kwa dripu ya saa nzima. Muuguzi alipima presha kila dakika 15, na kila mkanda ulipokaza mkono wa mama, mimi macho kwenye namba. Leo anafunga vifungo vyake mwenyewe. Najivunia kwamba sikunyamaza.

Hatari ipo. Katika utafiti wa Marekani wa 1995 uliofungua njia ya dawa hii, wagonjwa kama 6 kati ya 100 waliopewa walivuja damu ubongoni hali zao zikazorota. Kwa wasiopewa hakufika hata 1. Ila damu hiyo mara nyingi hutoka pale kiharusi kilipokwisha kuharibu ubongo, siyo kwenye aneurisimu. Mwongozo wa Marekani wa 2019 unakubali dawa kwa aneurisimu isiyopasuka iliyo chini ya milimita 10. Kubwa mno ni habari nyingine, na iliyopasuka ni marufuku.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jueni ukubwa wake. Ripoti iwe kwenye simu ya zaidi ya mtu mmoja. Shikeni saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, maana kwa kawaida dawa hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Na nyie mnaobishana kwenye korido, acheni! Mpeni daktari ripoti apime mwenyewe. Ripoti, narudia. Kama aneurisimu ilishazibwa, iandikwe humo, pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda anazomeza, kwani hizo zinaweza kumkosesha alteplezi hata kama aneurisimu yake ni ndogo.