Kiitaliano mwaka wa pili

Dada, umeuliza kama Kiitaliano cha kiwango cha kati chuoni ni kigumu kuliko cha mwanzo. Kigumu ndiyo, ila Kiswahili kitakubeba. “Ho letto” ni nilisoma, “leggevo” ni nilikuwa nasoma. Hapo hutahangaika sana. Kitakachokutoa jasho ni congiuntivo, yaani hali tegemezi ya kitenzi. Sisi tunasema “aende” tukitaka au tukiagiza, wao wanaitumia hata kwa kudhani tu: “penso che sia stanco”, nadhani amechoka. Mimi bado nateleza hapo. Halafu konsonanti mbili zikaze, jamani! “Ho vent'anni” ni nina miaka ishirini. Ukisema “ani” umejipa tundu za nyuma ishirini, na darasa zima halitakusahau mpaka mahafali.