Saa zipungue, miaka ya kazi isikatike

SWALI: Kiwanda chetu cha nguo Dar es Salaam kimepungukiwa oda. Tuko 60. Mwajiri anatutaka tuchague: apunguze watu 20, au sote tuandike barua za kuacha kazi halafu atuajiri upya kwa mikataba ya miezi 6. Mimi nina miaka 6 na miezi 4 hapa. Tufanyeje? – Msomaji, Ubungo

JIBU: Barua hizo msiandike, hata mkiahidiwa kurudi kesho yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mwajiri kupunguza watu biashara ikiyumba, ila kifungu cha 38 kinamtaka kwanza atoe taarifa, aeleze sababu, vigezo vya kuchagua watu, muda na malipo, kisha ashauriane na chama chenu cha wafanyakazi. Msipoafikiana, suala linakwenda kusuluhishwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Ukiacha kazi mwenyewe unapoteza kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Tuseme unapata shilingi 520,000 kwa mwezi na unafanya kazi siku 6 kwa wiki. Gawanya kwa 26, ni 20,000 kwa siku. Mara 7, mara miaka 6, ni 840,000. Ile miezi 4 haimo. Fao la NSSF la kukosa ajira nalo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari.

Lakini oda zimepungua kweli, kwa hiyo msiende mezani mikono mitupu. Watu 20 kwa siku 6 ni siku-kazi 120 kwa wiki. Watu 60 wakipunguza siku 2 kila mmoja, ni hizohizo 120. Pendekezeni siku 4 kwa wiki kwa miezi 3, ovataimu isimame, na wenye likizo ya mwaka waichukue sasa. Inauma, maana theluthi ya mshahara inaondoka na michango ya NSSF inashuka nayo, lakini hakuna anayetoka.

Makubaliano yaandikwe na yasainiwe na chama. Yanayoharibika mara nyingi ni yale yasiyo na tarehe ya kuisha: miezi 3 inakuwa mwaka, kisha watu wanapunguzwa na kiinua mgongo kinakokotolewa kwa mshahara mdogo. Andikeni wazi kwamba mkataba wa zamani unaendelea, na kwamba stahiki zote zitakokotolewa kwa mshahara wa msingi wa kabla ya makubaliano.

Akiwapo aliyekwishaachishwa kazi bila mashauriano, ajaze fomu CMA F1 ndani ya siku 30 tangu aachishwe.