Barua kwa mwanangu Zuhura: kidole kisichokunjamana

Zuhura mwanangu,

Waalaikum salaam. Huku Tanga hatujambo. Mama yako kifua kimempoa, na yule mbuzi wake amezaa mapacha, basi nyumbani hakuzungumzwi jingine. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikacheka, nikaurudia. Umeuliza: "Baba, Rayani akikaa kwenye beseni vidole vinamkunjamana vyote, vya mikono na vya miguu. Dada wa kazi anasema ngozi inakunywa maji, nimtoe upesi asije akavimba. Ni kweli? Kuna madhara, au kuna faida?"

Madhara hakuna. Akishatoka majini hakukawii, ngozi inarudi ilivyokuwa. La kukutia hofu ni beseni lenyewe na mtoto wa umri ule. Asiachwe peke yake majini, hata kama unakwenda kuchukua taulo tu mlango wa pili. Hilo nitalirudia kwenye simu, unanijua.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini umegusa pangu, mwanangu. Wewe umeuliza vidole vinavyokunjamana, na mimi miaka yote hii ninachokifikiria ni kile kisichokunjamana.

Unakijua. Kidole changu cha mwisho, mkono wa kulia, kile ambacho wewe na Idrisa mlikuwa mkikiita Bwana Mkubwa kwa kuwa hakifanyi kazi. Kovu la kwenye kifundo cha mkono unalijua pia. Kisa chake nadhani ulisimuliwa juu juu, maana mama yako hapendi nikianza, anasema nitapandisha presha.

Tulikuwa bado kambini, kwenye shamba la mkonge, kabla ya ile nyumba ya Makorora. Nilikuwa chumba cha robota pale korona, kiwanda cha kuchakata mkonge. Singa za mkonge zikishapita kwenye brashi zinashindiliwa kwenye mashine, zinafungwa waya, ndipo inatoka robota. Siku hiyo waya ulikatika ukiwa umekazwa. Sikuuona ulivyokuja. Niliona wenzangu wanakimbia kunijia, ndipo nikatazama chini: umenichana hapa mkono unapokunjikia, upande wa kidole kidogo.

Nikashonwa. Kidonda kikafunga vizuri, kovu la heshima kabisa. Ila kidole cha mwisho kilikufa ganzi, na cha pete kikafa nusu. Nusu, nisikilize vizuri. Upande unaotazama kidole cha mwisho hausikii kitu, upande unaotazama kidole cha kati unasikia. Nilikuwa nikikaa jioni nakipitishia ncha ya kalamu, nasikia, nasikia, halafu ghafla sisikii. Nguvu ya kushika ikapungua, vidole havitanuki. Vifungo vya shati nikawa nafungwa na mama yako.

Nikaenda kusema. Msimamizi wetu (jina lake nalihifadhi, watoto wake mmesoma nao) akaushika mkono, akaugeuza huku na huku, akasema kidonda kimefunga. Mganga aliyekuwapo akachukua sindano akanichoma kidole huku mimi natazama. Nikasema sihisi. Akamwangalia msimamizi, wakacheka wote wawili. "Hata mimi naweza kusema sihisi." Ikaandikwa kwamba nimepona, nirudi kwenye robota, na kabla ya magharibi kambi nzima ilikuwa imeshajua kwamba Baba Zuhura anategea.

Mimi nimelala njaa, mwanangu. Nimeibiwa baiskeli siku ya Idi, unakumbuka. Hakuna lililonikaa rohoni kama neno lile. Nikarudi kwenye waya, koleo likawa linaniponyoka, na kila likianguka sakafuni kuna mtu anatabasamu.

Sasa Jumamosi moja mama yako anafua, mimi nasuuza. (Ndiyo, nilikuwa nasuuza. Mjomba wako Shabani hajaacha kunicheka mpaka leo, na yeye nguo zake tunajua zinavyonuka.) Yalikuwa yale mapazia mazito ya kijani, yanakunywa maji hayaishi. Nilipotoa mikono mama yako akaudaka huu wa kulia akaukodolea macho, nikadhani kovu limefunguka.

"Mbona hiki hakikukunjamana?"

Tukatazama. Vidole vingine vyote ncha zimejikunja, zimekuwa nyeupe. Cha mwisho laini, utasema hakikugusa maji. Na cha pete, Zuhura, nusu kimekunjamana na nusu hakikukunjamana! Mikunjo ilikuwa inakuja vizuri kutoka upande wa kidole cha kati, ikifika katikati ya ncha inakoma, palepale kalamu yangu ilipokuwa ikikomea. Mama yako ameishia darasa la saba, lakini alisema papo hapo: "Hili sasa waje waseme unaigiza."

Tukapanda gari mpaka hospitali ya mjini. Daktari alikuwa kijana, shati limemlegea shingoni, foleni imempanga hadi barazani. Hakucheka. Akaagiza beseni la maji ya moto kiasi, akanikalisha kwenye benchi, mikono yote miwili ndani, akaendelea na wagonjwa wake. Alipogeuka tena ilikuwa imepita nusu saa. Akatazama, akaita mwenzake naye aje atazame. Akanieleza kwamba kuna mshipa wa fahamu, yaani neva, unaopita pale nilipochanwa, ndio unaohudumia kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, na huo umejeruhiwa. Na kipimo kile si cha kwake wala cha mama yako. Mwaka 1973 daktari mpasuaji wa Ayalandi, O'Riain, alikiandika kwenye jarida la madaktari wa Uingereza: loweka mikono kwenye maji ya nyuzi joto 40 kwa dakika 30, ngozi ambayo neva zake zimekatika haikunjamani. Uzuri wake, mgonjwa haulizwi lolote. Kinamfaa mtoto asiyejua kujieleza, akasema, na mtu mzima asiyeaminiwa.

Hapo ndipo ulipozaliwa ule msemo wangu mliouchoka: mwili hausemi uongo. Watu husema. Makaratasi husema. Mwili hausemi.

Kwa hiyo na dada wako wa kazi mwambie, lakini kwa upole, maana nia yake njema. Kama ingekuwa ngozi inakunywa maji basi, kidole changu kingekunywa sawa na nduguze, beseni moja, maji yaleyale. Kukunjamana ni kitendo cha mwili wenyewe. Maji yanapenya kwenye vitundu vya jasho, ambavyo viganjani na nyayoni vimejaa tele kuliko tumboni au mgongoni. Yanaizimua chumvi iliyomo. Neva zinapata habari, zinaamuru mishipa midogo ya damu ijibane. Damu ikipungua, nyama ya ncha ya kidole inanywea kwa ndani, na ngozi ya juu ambayo haikupungua inabaki na ziada, inajikunja kama ganda la embe lililokaa mno. Kidole hakivimbi. Kinasinyaa.

Ndiyo maana maji ya bahari yanachelewesha. Hayo yana chumvi yake, hayaizimui ile ya jasho kama yanavyofanya maji ya bomba. Mkija Desemba nitamweka Rayani ufukweni Sahare mkono mmoja baharini na mwingine kwenye ndoo ya maji ya bomba, atazame mwenyewe upi unaanza. Nimeshamfanyia hivyo kila mtoto wa mtaa huu, mama zao wananiona nimechanganyikiwa.

Faida sasa. Hapa ndipo pananikosesha raha.

Tangu Idrisa anifundishe kutafuta mambo kwenye simu, hili ndilo la kwanza nililolitafuta. Mwaka 2013 watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliwapa watu gololi na chubwi za kuvulia wazihamishe. Vitu vikiwa vimelowa, wenye vidole vilivyokunjamana walikuwa wepesi zaidi. Vikiwa vikavu, hapakuwa na tofauti. Chubwi, Zuhura! Nilitoka nalo hadi barazani. Nikawaeleza kwamba mikunjo ile inayapa maji njia ya kupita ili kidole kishike, Mungu hakuiweka bure. Halafu nikasoma kwamba mwaka uliofuata, 2014, watafiti wa Berlin walirudia jaribio la namna hiyohiyo wasione tofauti yoyote. Nikanuna. Mama yako akadhani nimefiwa. Kisha ikaja ya mwaka 2021, ilifanyiwa kwenye jumba la makumbusho ya sayansi London, watu zaidi ya 500: wenye vidole vilivyokunjamana hawakuhitaji kukibana sana kitu kilicholowa ili kisiwaponyoke, walikaribia wenye vidole vikavu.

Nikiulizwa na mtu mwingine nitasema ndiyo, ipo faida. Kwako najizuia. Mishipa ya damu ya vidoleni hujibana kwa mambo mengi, baridi ikiwemo, na huenda mikunjo ni kitu kinachotokea tu, mwili wenyewe haukukusudia lolote. Haya, sisemi. Lakini hebu jiulize na wewe, kwa nini iwe viganjani na nyayoni tu, mahali pa kushikia na pa kukanyagia? Basi. Nimesema sisemi.

Na huo msemo wangu nao haukai kitako. Mama yako, ambaye angekuwa wakili kama angesomeshwa, alinibana usiku mmoja wa kusi. Kidole hiki kisichosikia sindano kuna nyakati kinaniwaka moto, kama kimetiwa jikoni, naamka. Akaniuliza: "Moto uko wapi?" Hakuna moto. "Basi si uongo huo?" Nikamwambia neva iliyoumia inasema kweli kwamba imeumia, ni ubongo ndio unaotafsiri vibaya. Akasema, kwani ubongo si mwili? Nikageukia ukutani nikalala.

Kuna na lingine, hilo hata yeye sijamkumbusha. Daktari alikuwa amesema mshipa huenda haukukatika wote, na neva hukua pole pole mno, kiasi cha milimita moja kwa siku mambo yakienda vizuri. Basi tukawa kila Ijumaa baada ya chakula tunaloweka. Mama yako anashika taa, mimi natazama kidole cha pete. Ikapita miezi, siku hiyo tukauona mkunjo mmoja mwembamba umevuka mpaka. Alipiga kigelegele, majirani wakaja kuuliza nani kaolewa. Baadaye ile nusu ikawa inakunjamana karibu sawa na mwenziwe. Lakini kusikia, mwanangu, hakukurudi sawa hadi leo. Mbele ya beseni kidole kinakiri kimepona, mbele ya sindano kinakana. Sasa niamini kipi? Mimi bado nasema mwili hausemi uongo. Labda nasi tunauliza maswali mawili na kudhani ni moja. Cha mwisho hakikubadilika, Bwana Mkubwa ni Bwana Mkubwa.

Barua ya daktari yule ilinitoa kwenye robota ikanipeleka mizani, nikakaa huko hadi tulipohama. Hakuna aliyekuja kusema neno. Siku nilipoipeleka, msimamizi aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza kama ninajua kuandika tarakimu vizuri. Basi.

Siku hizi namwona Ngamiani, kwenye baraza la kahawa. Mzee kama mimi, kofia safi, anapenda kuzungumzia mpira. Nimejaribu kumtetea moyoni, wallahi nimejaribu. Alikuwa na hesabu ya robota za kutimiza, mashamba yenyewe yalikuwa yanabadilisha wenyewe, kila mtu anaogopa kupunguzwa. Waliokuwa wanategea kweli walikuwapo, tena wengi, mmoja wao ni huyo mjomba wako. Mganga naye alikuwa na sindano tu mkononi, na sindano inategemea neno la anayechomwa. Ningekuwa yeye ningefanyaje? Huenda ningeandika vilevile kwamba kidonda kimefunga. Lakini kucheka? Kucheka hakukuwa sehemu ya kazi yake.

Mama yako anataka niseme nimeshamsamehe. Idrisa anataka nimkumbushe, aone haya. Mimi simhukumu, na wala sijasema yamekwisha. Akininunulia kahawa nakunywa. Kashata zake sizichukui.

Baba yako