Maswali ya Waandishi: Kutoka Kaunta Buku hadi Kompyuta

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Arua, na tangu mwaka 2001 nimekuwa nikiandika hadithi kwa Kiswahili, bila kuajiriwa na gazeti wala mchapishaji yeyote. Kwa muda wote huo nimeandika kwa kalamu katika kaunta buku, usiku watoto wakishalala, kisha nikapeleka kazi mjini kupigwa taipu. Mwaka jana kibanda kimoja cha kupigia taipu kilipoteza kaunta buku yangu nzima, yenye hadithi saba, na hakuna aliyeweza kunieleza ilikokwenda. Mwanangu aliposikia alininunulia kompyuta iliyokwisha kutumika. Nimekaa nayo miezi mitatu sasa na hadithi haiji. Karibu kila neno ninaloandika linapigiwa mstari mwekundu, na sentensi zangu zimekuwa fupi na kavu kama ripoti ya mwisho wa muhula. Macho nayo hayaniruhusu tena kufanya kazi usiku. Mwanangu ananishauri niipe programu ya akili mnemba vipande nilivyo navyo ili inimalizie. Je, nirudi kwenye kalamu yangu, au ni uzee tu unaonizuia?

Mama Mwalimu, Arua

JIBU

Mama, kwanza pole kwa hadithi zako saba. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na sioni uzee ndani yake. Ninachokiona ni mtu aliyebadilishiwa chombo, saa ya kazi na mahali pa kuweka imani yake, yote kwa wakati mmoja, naye bado amebeba msiba wa kazi iliyopotea. Hata kijana wa miaka ishirini angekwama hapo.

Tuanze na mstari mwekundu, kwa sababu ninaamini ndio unaokuumiza zaidi ya unavyodhani. Kompyuta yako haina ugomvi na Kiswahili chako. Imewekewa lugha ya Kiingereza, kwa hiyo inahesabu kila neno la Kiswahili kuwa kosa la tahajia. Mwandishi anapotunga huwa anasikiliza sauti ya msimulizi, na anapohariri huwa anatafuta makosa. Hizo ni kazi mbili, na jicho linalovutwa na wekundu kila baada ya neno moja haliwezi kubaki katika ile ya kwanza. Ndiyo maana sentensi zako zimekuwa fupi: unaandika kama mtu anayesahihishwa huku bado anazungumza, nawe uliyefundisha darasani unajua mtoto wa namna hiyo hujibu kwa neno moja na kunyamaza. Mwombe mwanao azime ukaguzi wa tahajia pamoja na usahihishaji wa kujiendesha, ule unaobadilisha maneno bila idhini yako. Baadaye, utakapofika wakati wa kuhariri, mnaweza kuweka programu ya LibreOffice, ambayo hailipiwi na ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Kamusi hiyo haijui kila neno letu, lakini utaweza kuiongezea maneno yako moja baada ya jingine.

Jambo la pili litakushangaza: kwa miezi michache usitunge hadithi mpya hata moja kwenye kompyuta. Tunga kwa kalamu kama kawaida, na kompyuta itumie kunakili kaunta buku zako za zamani, ukurasa mmoja kwa siku. Nilifanya hivyo mimi mwenyewe nilipoachana na madaftari, baada ya kupoteza karibu mwaka mzima nikijilazimisha kutunga kwa vidole visivyojua herufi zilipo. Mkono unaotafuta herufi hukatiza wazo katikati, lakini unaponakili, wazo limekwisha kukaa kwenye karatasi na linakusubiri. Vidole hujifunza bila hadithi kulipa gharama ya mafunzo hayo. Zaidi ya hapo, kila ukurasa unaonakiliwa unapata nakala ya pili ambayo mchwa hauwezi kuitafuna, na wewe unapata kuisoma kazi yako kwa mwendo wa polepole kuliko msomaji yeyote. Mimi niligundua katika kunakili kwamba hadithi zangu nyingi zilikuwa na kurasa mbili za kujipasha moto kabla hazijaanza. Niliziondoa, na hadithi zikapumua. Kalamu haikuwahi kunionyesha hilo, kwa kuwa kufuta kurasa mbili za daftari kuliniuma, ilhali kwenye kompyuta niliweza kuziondoa huku rasimu ya kwanza ikibaki salama katika faili lake.

Hilo la mwisho lishike sana. Usihariri juu ya rasimu ya pekee. Kabla ya kuanza kukata, hifadhi nakala yenye jina la hadithi na tarehe ya siku hiyo, kisha ufanye kazi katika nakala nyingine. Na kwa sababu yaliyokupata yamekwisha kukupata, kazi iliyokamilika iweke mahali patatu: ndani ya kompyuta, kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, na katika barua pepe unayojitumia mwenyewe. Kaunta buku ambazo bado hujazifikia, zipige picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, wiki hii hii. Daftari la pekee lisitoke tena nyumbani kwako kwenda kwa mpiga taipu yeyote, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Kuhusu hofu ya kwamba kuhamia kwenye chombo kipya ni kuisaliti sanaa, nakuomba uitazame historia ya lugha yetu. Tendi za Pate na Lamu za karne ya 18 na ya 19 ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na waliohamia herufi za Kilatini walipoteza kitu, hasa uzuri wa mwandiko na uhusiano wake na elimu ya chuoni, yaani shule ya Kurani. Walipata kitu pia, kwa kuwa alama za vokali za Kiarabu ni tatu tu na Kiswahili kina vokali tano, hivyo msomaji wa zamani alilazimika mara nyingi kukisia kama neno lina «e» au «i», «o» au «u». Mwaka 1930 ilipoundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki, Uganda ikiwa mojawapo ya nchi nne zilizohusika, waandishi walitakiwa kubadilisha hata tahajia waliyoizoea. Wewe unaandika leo kwa mazoea ambayo kwa wenzako wa zamani yalikuwa mageni na ya kuudhi.

Sasa saa ya kazi. Hapa sitakuwa na mengi, kwa kuwa mwili wako umekwisha kuamua. Hamia alfajiri. Jambo lililokufaa usiku halikuwa giza; ni kwamba hakuna aliyekuita. Itafute saa ambayo hakuna atakayekuita, uwaambie watu wa nyumbani waziwazi kwamba hiyo ni saa ya kazi, na uilinde hata siku usiyoandika mstari mmoja. Wiki za kwanza utakaa mbele ya karatasi bila neno. Kaa tu.

Ushauri wa mwanao kuhusu akili mnemba unatoka katika mapenzi, na ninamheshimu kwa kukununulia kompyuta, lakini katika hili sikubaliani naye. Programu hizo zinaweza kukuonyesha herufi iliyorukwa au neno ulilolirudia mara tatu katika aya moja. Ukizipa hadithi zikumalizie, zitakuandikia mwisho ambao mtu yeyote angeweza kuuandika, kwa Kiswahili kisicho na mji wala mtaa. Mhusika wako wa sokoni Arua, anayechanganya Kiswahili na Kilugbara bila kufikiri, atasahihishwa hadi asitambulike. Miaka yote hii umeandika ili mtu huyo asikike.

SWALI

Mimi ni kijana wa Bombo, na sina kompyuta. Huandika hadithi kwenye simu nikiwa ndani ya taksi. Mwenzangu ananiambia nizungumze tu, simu iandike. Je, hiyo ni kazi ya mwandishi?

JIBU

Ndiyo, mdogo wangu, ni kazi ya mwandishi, na fasihi simulizi ilitangulia karatasi kwa muda mrefu sana. Kibodi ya Google imekuwa ikipokea Kiswahili cha kuzungumza tangu mwaka 2017. Itumie hasa kwa mazungumzo ya wahusika, kwa kuwa mdomo hujua namna watu wanavyokatizana kuliko vidole. Hata hivyo, usisubiri hadi jioni kuyasoma iliyoyaandika. Inakosea majina ya watu na ya mahali, haiweki nukta mahali pake, na baada ya saa chache wewe mwenyewe hutakumbuka ulisema nini. Taksi inaposimama kungojea abiria, soma ulichotamka na ukirekebishe papo hapo. Na ndani ya gari lililojaa watu, andika kwa vidole. Hadithi ambayo haijaiva haifai kusikilizwa na abiria kumi na wanne.